Vidato vya Baba

Mjukuu wangu mmoja alirudi shuleni mwaka huu akaniambia, "Bibi, nimepanda kidato." Nilishtuka, nikamtazama miguu kwanza. Akacheka sana, akanieleza kwamba kidato ni darasa, na kwamba sasa yuko juu kuliko alivyokuwa mwaka jana. Nikamwambia hongera. Lakini neno lile lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki, nikakohoa halikutoka, na ndilo lililonikalisha hapa na kalamu yake, naandika kwa herufi hizi zangu pana nilizojifunza nikiwa na mvi tayari. Yeye hunisahihishia. Nimemkataza kunyoosha mahali ninapozunguka, kwa sababu nikinyooshwa nitakuwa si mimi.

Kwetu Kakuyuni, nilipokuwa mtoto, kidato kilikuwa pengo lililochongwa kwa shoka katika shina la mnazi, la kutosha kuweka nusu ya wayo. Moja upande huu, jingine juu yake upande wa pili, mpaka kwenye makuti. Kila mgema huchonga kwa kimo cha miguu yake. Ukipita shambani ukaona vidato, waweza kusema mwenye minazi ni mrefu au mfupi, kijana au mzee aliyeanza kuchoka magoti. Baba yangu alikuwa mrefu. Vidato vyake viliachana sana.

Baba aligema tembo. Kazi yenyewe si ngumu kuielezea, ni ngumu kuifanya: unapanda asubuhi na jioni, unakata kidogo ncha ya karara, ala ya maua ya mnazi, kwa kotama, kisu kilichopinda kama kucha, na utamu wa mnazi unadondoka ndani ya kibuyu ulichokifunga pale. Usipopanda siku chache, karara hukauka na kazi yote ya nyuma imepotea. Mnazi haujui matanga, haujui homa. Mama alikuwa akisema ameolewa uke wenza na minazi, na wake wenziwe wote ni warefu kuliko yeye.

Kaka yangu ndiye aliyekuwa mwana wa kiume peke yake. Baba alimfundisha angali mdogo, na kwa sababu miguu yake haikufika, alichonga kati ya kila vidato viwili vyake kidato kidogo cha mtoto. Kwa hiyo minazi yetu ilikuwa na njia mbili, ya baba na ya mwana, moja ndani ya nyingine. Kaka alipanda kama mjusi. Hakuangalia chini wala juu. Mguu wake ulijua mahali pa kukanyaga kama ulimi unavyojua meno. Akifika juu hutupigia kelele kutueleza anachokiona: kuku wa jirani yuko kwenye muhogo wetu, moshi unatoka kwa fulani, leo wanapika mapema.

Baba alimwacha aseme atakalo isipokuwa kitu kimoja. Alisema: aliye juu ya mnazi hasalimiwi, wala yeye hasalimu mtu. Watu wote walilijua hilo. Ukimkuta mgema yuko juu na una shida naye, unagonga shina kwa kifundo cha kidole, ko ko, unangoja, yeye anakusikia kwa miguu yake. Akishuka ndipo mnasalimiana.

Mtu wa mahali pengine atashangaa: salamu ina uzito gani hata imwangushe mtu? Ya kwetu ina mkia mrefu. Haianzi "hujambo" ikaishia "sijambo". Mdogo huanza, mkubwa huitikia, kisha mkubwa huuliza: mmeamkaje, nyumba, mama, baba, bibi, mbuzi, mvua, mmoja mmoja, na kila kimoja hujibiwa, na kukatisha katikati ni kama kumpa mtu maji ukamnyang'anya kata mdomoni. Na ukiulizwa habari za mtu, huwezi kumjibu bila kumfikiria. Sasa mtu amesimama juu ya nusu ya wayo, ampe nani fikira zake?

Basi. Miaka ile vita vya wazungu vilifika, vita ambavyo sisi hatukujua vilianza na neno gani. Walitafutwa watu wa kubeba mizigo. Baba akachukuliwa. Sikumwona akiondoka, nilikuwa kisimani. Niliporudi na mtungi wangu kichwani nilimkuta mama amekaa mlangoni ameshika kotama, ameishika kwa upande wa makali, hajui.

Jioni ile kaka alipanda minazi yote peke yake. Hakuna aliyemwambia.

Baada ya mavuno ya msimu mmoja kupita bila habari, ndugu wa baba, ambaye sisi twamwita baba mdogo, alikuja akakaa uani na mama na bibi. Bibi ni mama yake baba, kwetu twasema hawe. Baba mdogo hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke mapema, kwa sababu hadithi kama hizi watu hupenda kumtafuta mbaya wao. Alizungumza polepole akichora mchanga kwa kijiti.

"Shemeji, ndugu yangu hayupo. Minazi haiwezi kukaa bila mtu. Kama kijana anaiweza, minazi ni yenu na mji ni wenu, mimi nitapita kuwajulia hali tu. Kama haiwezi, mji nitaushika mimi, kama ilivyo desturi."

Alisema "mji", yaani nyumba zetu, shamba, mbuzi, na mama ndani yake. Mama alielewa. Kila mtu alielewa, hata mimi niliyekuwa nikichambua mchicha nikijifanya sisikii.

"Mume wangu hajafa," mama akasema.

"Sikusema amekufa."

"Kijana anaiweza."

"Naona anaiweza," baba mdogo akasema. "Mungu amjalie aendelee."

Nyumba yetu tangu siku hiyo ilisimama juu ya miguu ya kaka. Na miguu yenyewe, mvua za mwaka zilipokuja, ikaanza kukua.

Sijui niseme vipi. Nimezaa, nimelea, nimewaona wengi wakibaleghe, lakini yule alikua kama aliyefukuzwa. Alilala mtoto akaamka magoti. Nguo ya kiunoni iliyomfunika jana leo imepanda. Sauti ikapasuka, mara ya mtu mzima, mara ya mwanambuzi. Akawa anagonga kichwa kwenye kizingiti cha mlango ambao amepita tangu kuzaliwa, anamwaga uji, anamkanyaga kuku aliyekaa wazi mbele yake mchana kweupe. Ukimwita, hageuki, ukimwita tena, anageuka na mwili mzima, anaangusha kitu. Wenziwe wakamfanya mchezo.

"Mpapai huyo! Mrefu, ndani mtupu!"

"Mwacheni, hajafika. Miguu imetangulia, mwenyewe yuko njiani anakuja."

Alikuwa akicheka nao. Kisha alikuwa akija nyumbani hali chakula.

Kwenye mnazi mambo yakawa mabaya zaidi, kwa sababu ya zile njia mbili. Vidato vya mtoto vikawa vifupi mno kwake, magoti yanamgonga kifuani. Vya baba vilikuwa bado virefu kidogo. Mguu uliozoea kukanyaga bila kuulizwa sasa ulinyooka, ukapapasa, ukakosa, ukarudi. Niliona mguu ule ukitafuta hewani kama mkono wa kipofu. Juu hakupiga kelele tena kutueleza habari za muhogo. Akishuka, jasho lake lilikuwa na harufu nyingine, harufu ya woga.

Mama aliona. Akamwuliza hawe, huku akisonga, hakumtazama usoni, "Mtoto ana nini? Ni shetani? Tumtafutie mganga?"

Hawe alikuwa mlevi wa haki, nasema hivyo kwa heshima. Alikunywa tembo la mwanawe na sasa la mjukuu wake, na alitembea vizuri zaidi akiwa amelewa. Akasema, "Hana kitu. Mwili wake umehamia nyumba mpya, akili yake bado inalala nyumba ya zamani. Kila usiku inarudi kule inakuta hakuna mtu."

"Itahamia lini?"

"Ikichoka kutafuta."

"Minazi haingoji, mama."

"Najua haingoji," hawe akasema. "Mimi ndiye niliyeizalia mgema."

Hapa nitazunguka kidogo, maana nilikuja kuyaelewa maneno ya hawe baadaye, mimi mwenyewe, kwa mtungi. Tangu mdogo nilichota maji nikaubeba mtungi mikono ikining'inia, natafuna kitu, nagombana na wenzangu, naruka tope, na majani tuliyoyaweka juu ya maji yasicheze hayakutikisika. Halafu kifua kikaanza kuota. Siku moja njiani vijana wawili walikaa wakitupisha, wakitutazama tu, na mimi nikaanza kujifikiria: mkono wangu huu uko wapi, shingo yangu ikoje. Kata ya kitambaa kichwani ilikuwa ile ile, mtungi ule ule, njia ile ile. Nilipoanza kuuangalia mwendo wangu, mwendo ukanitoka. Mtungi ulivunjika miguuni mwa vijana wale, wakalowa, wakacheka, nami nikalia hadi nyumbani. Ukiwa mdogo mwili wakubeba wewe. Ukianza kukua, wewe ndiwe wa kuubeba mwili, na hakuna aliyekufunza kuutwika. Lakini mimi nilikuwa chini, na kilichovunjika kilikuwa chungu cha udongo.

Hawe alimtafutia kaka dawa yake mwenyewe. Si ya mganga. Alichukua kipande cha kumbi la nazi, lile ganda la nyuzi, akakata kama kidole, akamwambia aume kabla ya kupanda na asiliteme mpaka miguu yake iwe mchangani.

"La nini, hawe?"

"Ukiwa na kitu mdomoni maneno hayatoki. Na maneno yasipotoka, mawazo nayo huchoka kungoja mlangoni yakaenda zake. Mguu wako hauna pa kujifunzia ila wewe ukiwa upo. Kuwa huko huko ulipo. Ukikanyaga, kanyaga."

Wenziwe walimcheka kwa hilo pia, wakasema sasa analishwa kama punda. Lakini dawa ilimfaa. Alipanda polepole, kumbi limetokeza pembeni mwa mdomo, na nikaona mguu umeanza kufika. Aliacha vidato vya mtoto kabisa, akawa anakanyaga vya baba tu. Siku moja aliposhuka alinionyesha makumbi aliyoyauma yamekuwa membamba kama uzi, akasema, "Nikiyamaliza haya nitakuwa nimefika." Mama aliimba asubuhi iliyofuata. Wimbo haukuwa na maneno, lakini ulikuwa wimbo.

Kisha kukawa na matanga kwa jirani. Wazee wamekaa upande mmoja, kaka akapita mbele yao amebeba kuni, macho wazi, akili haipo, akapita kimya kama wao ni magogo. Nimesema alivyokuwa: angeweza kukanyaga kuku. Mzee mmoja akasema kwa sauti watu wasikie, "Huyu amekuwa mrefu hata hatuoni tena. Baba yake ameondoka na adabu?"

Baba mdogo alikuwa amekaa pale pale. Aibu ile ilimwangukia yeye. Jioni alikuja kwetu, akamsimamisha kaka uani, hakumpiga, hakupaza sauti hata.

"Baba yako akirudi ataniuliza nilikulea vipi. Utaniaibisha hata lini?"

"Sikuwaona, baba."

"Hukutuona! Tulikaa kama uyoga kwenye kichuguu. Sikiliza. Ukiniona mimi, nisalimie. Ukimwona mkubwa yeyote, msalimie. Njiani, matangani, popote. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Popote."

Neno lile alilisema mara ya pili akiwa amekwisha geuka kwenda zake. Nakumbuka kwa sababu aliligongea fimbo chini.

Asubuhi ya siku yenyewe kulikuwa na jua baada ya mvua. Mashina yalikuwa yamekauka. Wala si utelezi, wasiseme ni utelezi. Mimi nilikuwa chini na kibuyu kikubwa nikingoja kumiminiwa. Kaka alikuwa amekwisha kata, anashuka, amefika kama nusu, mgongo wake kwetu na uso kwenye shina. Baba mdogo akatokea njiani. Alikuwa anatafuta mbuzi. Hakusimama kwa ajili yetu. Yeye mwenyewe mgema, anajua sheria, aligonga shina kwa kidole, ko ko, kumwambia tu kwamba amepita, kama alivyofanya siku zote. Na alikuwa amekwisha upita mnazi.

Nilihisi kitu chepesi kimeniangukia begani. Nikadhani ni ua la mnazi. Lilikuwa kumbi, limelowa mate.

"Shikamoo, baba!"

Baba mdogo alisimama. Nilimwona uso. Alijua halifai. Lakini amepewa salamu, tena na mtoto aliyemkaripia kwa kukosa salamu, na salamu haiachwi njiani.

"Marahaba," akasema, kwa haraka, kama mtu anayetaka kufunga mlango.

Lakini mkia, ule mkia. Umetoka kinywani kwake tangu alipokuwa na meno ya kwanza, unajiburuta wenyewe.

"Mmeamkaje?"

"Tumeamka salama." Mguu mmoja chini.

"Mama?"

"Hajambo." Mwingine.

"Na baba?"

Hakukusudia. Katika salamu zetu baba huulizwa baada ya mama, ndivyo zilivyopangwa, na ulimi wake ulipita njia yake ya kila siku. Nilimwona akiuma mdomo, amechelewa.

Kaka alisimama juu pale. Alikuwa anatafuta jibu. Sijui alimwona baba wapi: yu hai, amelala penye matope, anakuja njiani na mzigo. Hilo ndilo lililomwondoa mnazini, si mguu. Mguu ulibaki peke yake, na mguu ulioachwa peke yake ulirudi nyumba ya zamani. Nikauona ukinyooka kutafuta kidato kidogo, kidato cha mtoto, mahali ambapo kwa kimo chake kipya hapakuwa na kitu.

Hakupiga kelele. Alisema tu, "Baba," kama anayeanza kujibu.

Aliishi. Mwunga mifupa alikuja akamfunga vipande vya mti, akalala mvua zile zote na kiangazi chote, na alipoinuka nyonga yake moja ilikuwa imekaa mahali pengine. Alitembea akiinamia upande, kama mtu anayesikiliza kitu ardhini. Hawe alikuwa na haraka ya kufa baada ya hapo, akafa. Hakulaumu mtu. Alisema tu, "Nilimwambia asiliteme," akageukia ukutani.

Baba mdogo alikaa uani kwetu siku nyingi. Kisha akamwambia mama, "Shemeji, niliposema popote, sikumaanisha mnazini."

Mama akamjibu, "Yeye hakujua wapi linaishia hilo popote. Bado alikuwa mtoto."

Karara zilikuwa zinakauka. Asubuhi moja baba mdogo alikuja na shoka lake akaanza kuchonga, maana yeye alikuwa mfupi kuliko baba na vidato vya baba havikumfaa. Mama alikaa ndani akisikiliza shoka. Jioni akatoka, akapika chakula cha watu wengi zaidi, na kwa hilo tukajua mji umeshikwa. Alikuwa mke wa baba mdogo hadi mwisho, na sikuwahi kumsikia akiimba tena, hata wimbo usio na maneno. Baba hakurudi. Hata habari ya kwamba hatarudi haikurudi.

Mnazi si kama mwembe. Jeraha lake halioti nyama. Ukichongwa umechongwa. Minazi ile baadhi ingali imesimama, na ukipitisha mkono unasoma yote: vikubwa vya baba, vya baba mdogo vilivyokaribiana, na kati yake vile vidogo, vya kaka, vya miguu ya mtoto ambayo haikukaa kwetu miaka mingi. Vya chini kabisa vinanifika kiunoni.

Kaka alizeeka pale pale, akinoa makotama ya baba mdogo na kufuma kamba. Aliwaheshimu watu wote, lakini wageni walimwona hana adabu, kwa sababu mkubwa akitokea hakusema kitu kwanza. Alitafuta pa kukaa. Kama hapana kiti, aliketi chini, taratibu, kwa ile nyonga, akaweka mikono yake miwili mchangani, ndipo akasema shikamoo.

Ila kwa baba mdogo. Wale wawili waliishi ua mmoja hadi mmoja wao akafa, na sikuwasikia wakisalimiana tena. Asubuhi baba mdogo hupanda. Kaka huja chini yake akiinamia upande, amebeba kibuyu, na hugonga shina kwa kidole, ko ko. Juu, baada ya kitambo, kotama hugonga shina ikamjibu. Na mama, jikoni, alikuwa akinyamaza kuwasikiliza mpaka wamalize.